Kaskazini ya Twaha

Nyinyi mnaoanza kufundisha hesabu leo, na nyinyi mnaofundishwa huku mmekunja uso, nivumilieni kidogo. Nimestaafu. Visa yangu ya kazi imekwisha, masanduku yamejaa kwenye korido ya nyumba hii ya kupanga hapa Bur Dubai, na mwezi ujao narudi Kangundo kufuga kuku. Nimefundisha hesabu za sekondari tangu enzi za vitabu vya logi, tulivyovishika mpaka vikatoka majalada, hadi enzi hizi za simu inayopiga picha swali na kutema jibu. Mtu aliyekaa kazini muda huo wote anatarajiwa awe na mambo ya kujivunia. Ninayo machache. Zaidi nina jambo moja linalonisumbua kila nikifunga sanduku, nalo ndilo nitakalowasimulia, ingawa nitapotea njia mara mbili tatu kabla sijalifikia.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa shule ya binafsi, watoto wa wageni kutoka kila pembe ya dunia. Kazi yangu ya moyo ilikuwa darasa la Jumapili. Walinzi, wasafishaji na wahudumu wa hoteli, Wakenya na Waganda, walikusanyika kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Bi Rukia, mama wa Kizanzibari ambaye familia yake iliishi hapa kabla mimi sijashika chaki. Yeye aliuza mbele, sisi tulisoma nyuma, katikati pazia. Tulikaa juu ya majora ya vitambaa kwa sharti moja tu, kwamba chaki isiguse kitambaa cheupe. Wengine walitaka kurudia mtihani nyumbani. Wengine walitaka wawasaidie watoto wao kwa simu, maana ni aibu mtoto akuulize hesabu kutoka Kakamega ukajifanya mtandao umekatika.

Niliwakataza kuniita madam. Neno hilo walilitumia wiki nzima kwa waajiri wao, nikaona Jumapili nalo lipumzike. Wakaniita Mwalimu.

Kwa darasa lile nilijifunza kufundisha upya, na ninasikitika kwamba nilijifunza nikiwa nimebakisha miaka michache. Chukueni namba hasi. Shuleni nilichora mstari, sifuri katikati, watoto wakaitikia na kesho yake wakasahau. Walinzi hawakuhitaji mstari. Lifti za mji huu zinashuka chini ya ardhi kwenye maegesho, na kila mlinzi anajua kwamba ukitoka orofa ya pili chini ukapanda orofa tano, unatokea ya tatu juu. Uwiano niliwaachia wasafishaji: kizibo kimoja cha dawa kwa ndoo moja ya maji, na ukizidisha dawa sakafu inateleza, ukizidisha maji doa linabaki linakutazama. Uwezekano tuliufanya kwa likizo. Nikauliza, uwezekano wa msimamizi kukubali likizo ya Desemba ni upi? Darasa zima likajibu sifuri. Nikawaeleza kwamba sifuri ni jambo lisilowezekana kabisa, wakasema ndivyo walivyomaanisha.

Aljebra ndiyo iliyonionyesha Twaha. Alikuwa mlinzi kutoka Iganga, Uganda, kijana mrefu mwenye haya, aliyekaa karibu na pazia ili nisimwone. Siku hiyo wenzake walilalamika kwamba herufi zimefuata nini kwenye hesabu. Yeye akasema polepole kwamba ile x ni mgeni aliyefika getini bila kitambulisho. Humfukuzi, humruhusu, unamuuliza maswali mpaka umjue. Nimesoma vitabu vingi vya kufundishia aljebra, na baada ya siku ile niliviacha kabatini.

Nilifundishwa na Mwalimu Kioko, Mungu amlaze pema, mtu mkali mwenye mikono mikubwa. Akisahihisha alifunika jibu kwa kiganja, akasoma kazi tu. Jibu sahihi lisilo na kazi alilipiga mstari mwekundu. Alikuwa akisema jibu unaweza kuliokota, njia lazima uitembee mwenyewe. Nilimchukia kwa miaka minne, kisha nikawa yeye. Nimefunika majibu ya watoto wa watu kwa kiganja mpaka juzi nilipokabidhi funguo.

Siku hizi kiganja hakisaidii, kwa sababu simu inaleta na njia pia, imepangwa vizuri kuliko mwandiko wa mwanafunzi yeyote. Nilimkuta mtoto mmoja wa ile shule yangu ya mshahara amelipiga picha swali lililouliza nusu ya kumi na mbili. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia anataka kuwa na uhakika. Mtoto mwenye adabu, si mvivu, ila hajiamini hata kwa sita. Tulihangaika na kikokotoo tukidhani ndiye adui, kumbe adui alikuwa bado njiani. Haya, nimeanza kupotea.

Twaha alilinda geti la ghala lililokuwa likijengwa Ras Al Khor, katikati ya maduka ya vipuri vya magari. Kila asubuhi alimwona mpimaji wa kile kiwanja, mhandisi wa Kimisri ambaye wote walimwita bashmuhandis, akisimamisha darubini yake ya miguu mitatu. Msaidizi wake alishika kamba na kugonga vigingi, na mahali vigingi vilipogongwa ukuta ulisimama. Twaha akaipenda kazi ile. Alianza kukariri vipimo walivyotajiana, halafu jioni anavichora kwenye boksi la maji ya chupa. Kisha yule msaidizi akapata kazi Abu Dhabi, nafasi ikawa wazi. Kijana mwenye haya, asiyethubutu kuniomba chaki, akaenda kwa bashmuhandis akaomba.

Mhandisi hakumcheka. Alimwambia atamjaribu yeye na mtu mwingine mmoja, mwisho wa mwezi. Akifaulu, kampuni ya ujenzi itahamisha visa yake na atakuwa mtu wa vipimo. Asipofaulu atarudi getini, na geti lenyewe halikuwa na maisha marefu: ghala likikamilika walinzi wanaondolewa, na tayari walikuwa wamenong'onezwa kwamba mikataba mingi haitaongezwa. Ilikuwa ama kamba ya kupimia, ama ndege ya kurudi Entebbe. Jumapili hiyo alibaki wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, nimechoka kufungulia watu," akaniambia. "Na mimi nataka kuingia."

Basi tukaacha mada nyingine zote, na darasa zima likakubali kusoma pembe kwa ajili ya Twaha. Tulianza na pembetatu mraba. Nilichukua futikamba ya Bi Rukia, nikapima tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na mshazari ukatoka tano. Bi Rukia akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba mafundi wake wanafanya hivyo kila siku kunyoosha kona ya kitambaa cha meza, na hawajawahi kukaa darasani kwa ajili yake. Kisha saini, kosaini na tanjenti. Hapo watu wengi huzama, na nitawaambia siri: wanazama kwa sababu tunawapa majina matatu kabla ya kuwapa pembetatu moja. Mpe mtu pembetatu, mwache aione inakua na kupungua bila kubadili sura, aone kwamba pande zake zinakua pamoja. Majina yatakuja yenyewe.

Ndiyo maana siku moja niliwatoa nje. Ilikuwa adhuhuri, jua liko juu kabisa, kwenye kichochoro nyuma ya duka. Tulisimamisha fagio, tukapima kivuli chake. Tukapima kivuli cha jengo la jirani. Kwa uwiano tukapata urefu wa jengo bila kupanda ngazi hata moja, na mlinzi wa jengo hilo, Mkenya wa Bungoma, akatoka kuuliza tunapima kwa ruhusa ya nani. Tulicheka sana. Twaha ndiye aliyepiga magoti kushika ncha ya futikamba pale kivuli kilipoishia. Ikumbukeni picha hiyo, nitairudia.

Baada ya hapo tukaingia kwenye mielekeo. Mwelekeo wa kitu hupimwa kwa nyuzi, unaanzia kaskazini na kuzunguka kuelekea kulia, kama mishale ya saa. Kaskazini niliichora juu ya ubao, kimshale na herufi yake, kama alivyochora Mwalimu Kioko na kama anavyochora kila mwalimu wa hesabu niliyewahi kukutana naye. Twaha hakukosa swali hata moja. Nilimfunikia majibu kwa kiganja, nikasoma njia yake, ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia amwambie bashmuhandis atafute kamba mpya, mtu wake amepatikana.

Siku ya jaribio vumbi lilikuwa limetanda, jua halionekani liliko. Kwanza alipewa karatasi. Nguzo iko umbali huu, kwa nyuzi hizi, je, iko kaskazini kiasi gani na mashariki kiasi gani? Akapata yote, na kazi yote ikaonekana. Mhandisi akafurahi, akamwambia yalla, twende nje. Akamsimamisha kwenye kigingi katikati ya kiwanja, akamwambia anyooshe kamba kwa nyuzi sitini kutoka kaskazini. Dira hakumpa, kwa makusudi. Alisema mtu wa vipimo hapaswi kupotea eti kwa sababu dira imesahaulika ofisini.

Twaha hakusita. Aligeuka, akanyoosha mkono kaskazini, akazunguka nyuzi sitini kulia kama tulivyofanya ubaoni, akavuta kamba na kugonga kigingi. Kamba ikaelekea upande wa baharini. Ilipaswa kuelekea upande wa Sharjah, kaskazini mashariki. Mhandisi alikitazama kile kigingi, akasema khalas, yaani basi, kwa upole tu, akamwita yule mwingine.

Haya yote alinisimulia Jumapili iliyofuata, amekaa juu ya jora, kofia ya kazi mapajani. Sikuelewa. Nilimwomba asimame anionyeshe alikoelekeza mkono. Akasimama, akauelekea ukuta wenye vitambaa vya bluu.

"Huku. Mwalimu, si huku ndiyo kaskazini?"

Ule ulikuwa upande wa magharibi. Nikamuuliza amejuaje kwamba kaskazini ni huko. Alinishangaa, kama nimemuuliza amejuaje jina la mama yake.

"Ndiyo upande tunaswali," akasema. "Kwetu msikiti unaangalia kaskazini. Babu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma."

Pazia likafunguka, Bi Rukia akatokeza kichwa, miwani imemshuka puani.

"Ala! Huku kibla si kaskazini, mwanangu. Kwetu Unguja ndiyo kaskazini, na kwenu naona ni mamoja, kwa kuwa Makka iko juu yetu. Huku Makka i machweoni. Marehemu mama yangu alipofika hapa alipotea njia ya soko mwaka mzima kwa jambo hili hili."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Swali la kijinga, lakini lilinitoka. Bi Rukia hakukasirika. Akanijibu kwa sauti ndogo.

"Nami ningejuaje, Mwalimu? Laiti ningejua hesabu zenu zina kaskazini ndani yake, ningesema zamani."

Mimi ni Mkristo wa Ukambani. Nikiomba nafumba macho, upande wowote ulio karibu. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtoto anayekua akiijua kaskazini kwa paji la uso, mara tano kwa siku, mpaka haihitaji tena kufikiriwa, na kwamba mtoto huyo akipanda ndege akashuka hapa, mwili wake utaendelea kuamini. Twaha hakukosa hesabu. Uliokosa ni mkeka wa kuswalia wa babu yake, na mkeka ule kwao haujawahi kukosa.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kivuli. Hapa Dubai, jua likiwa juu kabisa, kivuli kinalala kuelekea kaskazini, mwaka mzima, hakibadiliki. Kwao Iganga huwezi kukitegemea, kwani pale ni karibu na mstari wa ikweta na kivuli cha adhuhuri huhamia kusini na kurudi kwa misimu, ndiyo maana mtu anaishika kaskazini ya msikitini. Lakini hapa kivuli ni mshale mtupu. Siku ile ya fagio tulikuwa tumeukanyaga. Twaha alipiga magoti kwenye ncha yake, futikamba mkononi, na sote tukauliza kitu kimoja tu, urefu wake. Kivuli kilikuwa kinatuambia mambo mawili, tukachukua moja na kurudi ndani kunywa chai.

Nilikwenda Ras Al Khor kumwona mhandisi. Nilivaa gauni la shule ili nionekane mtu wa maana, nikapita katikati ya milango ya magari na injini zilizolala kwenye mafuta, nikamkuta kwenye ofisi ya kontena. Alinipa kiti na chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye msikiti wa babu alifumba macho.

"Wallah, ungekuja siku ile ile ningemjaribu tena," akasema. "Sasa nimeshamchukua mtu, na huyo naye ana watoto. Mradi mwingine, inshallah."

Kile kigingi kingebaki pale, ukuta ungesimama umekwenda mrama, na yeye ndiye angeulizwa. Alijaribu kwa haki. Mradi mwingine haukuja wakati unaofaa. Ghala lilikamilika, walinzi wakaondolewa, na jina la Twaha halikuwamo kati ya walioongezewa mkataba. Alikuja kuniaga dukani. Bi Rukia alimkatia kitambaa cha gauni kwa ajili ya mkewe, kizuri, kile cheupe ambacho chaki haikuruhusiwa kukigusa. Mimi nilimwahidi kwamba tutaendelea kwa simu. Tulijaribu. Lakini hesabu ya kwenye simu, mtu amechoka, mtoto analia pembeni, inafifia wiki baada ya wiki, na siku moja unagundua hakuna aliyepiga.

Watu wananiambia hili si kosa la mtu, na ni kweli, nami sijipigi kifua. Ila majuto hayangoji kosa lipate mwenyewe. Wahenga walisema ni mjukuu. Huyu wangu hata sijui wazazi wake ni nani, lakini amekaa nami nyumba moja. Ninachosikitikia ni kwamba ndani ya chumba kile kidogo kila kitu kilikuwepo. Twaha alikuwa na hesabu, Bi Rukia alikuwa na kibla, mimi nilikuwa na ubao, na kichochoroni kivuli kilikuwa kikisubiri. Kilichotutenganisha ni pazia la kitambaa cha bei ya chini.

Kwa hiyo nyinyi mnaobaki, sina la maana sana la kuwaachia. Fundisheni seti, logi, grafu, takwimu, zote ni nzuri, na yeyote anayewaambia hazina kazi mjini hajawahi kujenga hata banda la kuku. Ila kabla hamjachora kale kamshale juu ya ubao, mfungulieni mwanafunzi mlango, asimame nje, mwulizeni kaskazini iko wapi. Atakayeonyesha vibaya msimcheke. Mwulizeni amejuaje, kisha nyamazeni mpaka amalize.

Juzi, nikiwa nafunga vyombo kwa magazeti, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Iganga, baada ya kimya kirefu. Twaha siku hizi ni mlinzi wa geti la shule moja ya sekondari huko kwao. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakikimbia, na kengele.

"Mwalimu, leo wapimaji wamekuja kupima kiwanja cha shule. Wakabishana kaskazini ni wapi. Nikawaonyesha kwa mkono. Wakatoa dira, dira ikanikubali." Kengele ikamkatiza. "Walisema ahsante. Nikawafungulia geti, wakaingia."